Hewa ya Juu ya Nyumba

Bogotá, 2 Februari 2026

Bibi, naomba baraka yako.

Natumaini barua hii itakukuta kwenye kile kiti cha dirishani na si kitandani. Mama ameniambia miguu imevimba tena, na kwamba unaficha chumvi nyuma ya kopo la kahawa. Acha, Bibi. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeniingia mifupani. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunisikii, na haya siwezi kuyapigia kelele.

Ofisini tulikuwa wasanifu majengo tisa, sasa tumebaki watatu. Kazi ya kuchora inafanywa na akili mnemba. Unaipa ukubwa wa kiwanja, mteremko, udongo, idadi ya watu na sheria za mji, halafu unakwenda kunywa kahawa. Ukirudi unakuta ramani kumi na mbili, zote safi, zote zimepita hesabu. Wiki jana Bwana Ordóñez, mkuu wetu, aliniita akaniambia nimepandishwa cheo. Cheo chenyewe ni kutia sahihi. Sheria bado inataka mtu mwenye leseni aweke jina chini ya ramani, na mtu huyo sasa ni mimi.

Kazi ya kwanza iko huko kwenu Manizales: nyumba arobaini kwenye kilima cha El Arrayán, kwa familia ambazo maporomoko ya mwaka juzi yalichukua nyumba zao na ambazo bado zinalala kwenye ukumbi wa shule. Mtambo umezichora kwa asubuhi moja. Natakiwa kutia sahihi kabla ya katikati ya Aprili. Nimezipitia mara mbili na sikuona kosa. Hata hivyo kalamu imekataa, na sijui kwa nini.

Wewe umekuwa msanifu miaka arobaini. Niambie ukweli: hii bado ni kazi ile uliyoifanya, au mimi nazika maiti huku nikiambiwa ni harusi?

Mjukuu wako,
Yolima


Manizales, 11 Februari 2026

Mjukuu wangu Yolima, Mungu akubariki na akupe koti zito.

Barua yako imenikuta dirishani. Chumvi nimeirudisha mahali pake, mwambie mama yako aache upelelezi. Moyo unapiga kama fundi mvivu: anagonga, anapumzika, anatazama nje, anagonga tena. Lakini bado nasoma bila kusomewa, na mkono unaandika, polepole.

Kuhusu maiti na harusi, usiharakishe kuvaa nguo nyeusi. Nilipoanza, ofisi ilikuwa na watu wanane waliokaa siku nzima kunakili ramani kwa wino. Ilipokuja mashine ya kutoa nakala, walilia. Zilipokuja kompyuta, nililia mimi, maana mwandiko wangu kwenye ramani ulisifiwa mji mzima. Kila mara tulisema kazi imekufa, na Jumatatu iliyofuata tulirudi kazini.

Kwa hiyo sikulilii mtambo. Nataka kuuliza mengine, unijibu kwa kirefu. Nyumba hizo ni za chini au zina ghorofa? Paa ni la nini? Msingi unakwenda chini kiasi gani? Na wewe, mwanangu, umefika El Arrayán, au umekiona kilima kwenye kioo tu?

Bibi yako,
Aracelly


Bogotá, 20 Februari 2026

Bibi, naomba baraka yako.

Mwambie huyo fundi mvivu wa kifuani aongeze bidii. Huku wote wazima.

Najibu kama ulivyouliza. Nyumba ni za chini, bila ghorofa. Paa ni bati jepesi. Msingi ni sentimita sitini, na kwa nyumba ya aina hiyo unatosha na kubaki. Hapana, sijafika. Nina picha za kutoka angani zinazoonyesha hadi mawe.

Najua unalotaka kusema, Bibi, mimi pia nimezaliwa huko. Najua kwamba hakuna mtu wa Manizales anayekaa chini ya bati maisha yake yote. Ataling'oa, atamwaga slabu ya zege, ataacha nondo zimesimama juu kama nywele, na mtoto wa kwanza akioa atapewa hewa ya juu ya nyumba ajenge yake. Nilimwambia Bwana Ordóñez. Alicheka.

"Daktari," akaniambia, kwa ile heshima yetu ya kumwita kila msomi daktari, "tumeshalifikiria hilo. Kila familia itasaini kwamba haitajenga juu. Wakijenga, wamevunja mkataba wao. Ramani yetu ni sahihi."

"Na nyumba ikianguka?"

"Itakuwa imeanguka nyumba yao, si ramani yetu. Wewe saini. Mtambo haukosei."

Na kweli haujakosea. Ndiyo maana nashindwa kujieleza. Msingi wa kwenda chini zaidi maana yake saruji zaidi, na saruji ni ile ile, kwa hiyo nyumba zitapungua. Watu wanalala ukumbini, Bibi. Mimi ni nani nizipunguze kwa ajili ya ghorofa ambazo hazipo?

Nimeanza kufikiri nitie tu sahihi. Nambie nimefikiri vizuri.

Mjukuu wako,
Yolima


Manizales, 14 Machi 2026

Mjukuu wangu Yolima, baraka ya Mungu iwe nawe.

Nimechelewa kukujibu. Mama yako ameshakueleza kuhusu siku kumi na moja za hospitali. Nimerudi. Daktari, yule wa kweli mwenye kipimo shingoni, alizungumza nami kwa sauti ya upole sana, nikajua. Sina uchungu naye. Lakini barua yako nilikuwa nayo chini ya mto siku zote hizo, na kama ningekufa kabla ya kuijibu, ningekuwa nimesema uongo mara mbili.

Hufikiri vizuri. Na mimi ndiye ninayejua, kwa sababu ulivyofikiri wewe ndivyo nilivyofikiri mimi mwaka 1978.

Ulikuwa hujazaliwa, na mama yako alikuwa na miaka minane. Ofisi yetu ilipewa kujenga nyumba arobaini na mbili kwenye kilima kimoja upande wa kusini wa mji. Nyumba za chini, paa la bati, msingi sentimita sitini. Ramani ziliandaliwa Bogotá, mfano mmoja kwa nchi nzima, zikaletwa zimekunjwa ndani ya bomba la karatasi. Mimi sikuchora mstari. Nilitakiwa kutia sahihi kwa sababu nilikuwa na leseni na nilikuwa hapa. Unaona? Mtambo wenu nimewahi kukutana nao. Ulikuwa umevaa suti na kukaa Bogotá.

Fundi mkuu aliitwa Evelio Tabares. Hakumaliza shule ya msingi. Alikuwa na kofia ambayo hakuivua ila kanisani na mbele yangu. Siku ya pili ya kuchimba alinijia.

"Daktari," akasema, "hapa juu ni udongo wa kumwagwa. Walijaza bonde. Ukichimba mita moja na robo ndipo unakutana na ardhi yenyewe."

"Ramani inasema sitini, don Evelio."

"Ramani inasema nyumba ya chini. Wewe na mimi tunajua hakuna nyumba ya chini. Huyo binti yangu mwenyewe, Nubia, ameomba moja hapa. Sijamaliza kuweka bati tayari anapanga mwanawe atajenga juu upande gani."

"Watakachojenga juu ni chao."

"Juu chao," akasema. "Chini chetu."

Alikuwa amepiga hesabu kwa kidole juu ya mfuko wa saruji. Tukichimba hadi ardhi ngumu, zitatoka nyumba thelathini, labda thelathini na mbili. Nilimwambia nitafikiri. Sikufikiri, nilitia sahihi siku hiyo hiyo.

Ungeniuliza kwa nini, na nimekuwa nikijiuliza. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika ofisi ile. Walikuwa wakisubiri siku nitakapokuja kusema naogopa, nataka kubadilisha, nimeambiwa na fundi. Nilitaka kuwa mtu anayetia sahihi bila mkono kutetemeka. Haukutetemeka.

Watu wakahamia. Ndani ya miaka minane hukuona tena bati kilimani pale. Aprili 1986, Jumapili moja baada ya wiki tatu za mvua, familia moja ilikuwa inamwaga slabu ya tatu. Unajua inavyokuwa: mtaa mzima na ndoo, muziki dirishani, sufuria ya supu ya sancocho chini ya ngazi. Evelio aliombwa aje kusimamia, akaja, maana aliona heri awepo yeye kuliko asiyejua. Zege bichi lina uzito, mwanangu. Saa tano nyumba iliketi upande mmoja, taratibu, walisema, kama mtu anayepiga goti. Wengi waliruka. Mama mwenye sufuria hakuwahi, wala kijana wake wa miaka kumi na tisa, ambaye slabu ile ilikuwa yake. Mama aliitwa Graciela Ocampo. Kijana Jairo.

Iliundwa kamati ya uchunguzi. Walinihoji katika chumba chenye meza ndefu. Evelio alikaa ukutani na kofia magotini. Mwenyekiti akaniuliza, kwa heshima zote, "Daktari, kuna mtu yeyote aliyewahi kukuonya kuhusu msingi ule?"

Nikasema, "Hakuna."

Evelio alinitazama. Kisha akaitazama kofia yake. Mwenyekiti akamgeukia. "Na wewe, fundi, una la kuongeza?"

"Daktari amekwisha sema," akajibu.

Hilo tu. Miaka arobaini nimelisikia neno hilo. Sijui kama alinihurumia au alijua kwamba kati ya neno lake na langu wangechukua langu. Ripoti ilisema ramani zilikuwa sahihi, familia ilivunja sheria, na fundi alimwaga zege bila kibali. Mimi nikapandishwa cheo. Yeye hakupewa kazi ya ujenzi tena mji huu. Alibeba magunia ya kahawa akiwa na miaka hamsini na sita, akafa mwaka 2009. Niliona tangazo la mazishi kwenye nguzo ya umeme na sikwenda.

Babu yako hakujua. Mama yako hajui. Padri anajua, lakini padri hakujenga kilima kile.

Unaniuliza kama kazi yetu inakufa. Kuchora kunaweza kufa. Mimi nimejenga majengo mia na zaidi, na nikikumbuka siku ambayo nilihitajika kuwa msanifu kweli, haikuwa siku ya kuchora. Ilikuwa siku ile mbele ya mfuko wa saruji, na ile nyingine mbele ya meza. Zote mbili sikuwepo, ingawa jina langu lilikuwepo.

Sikwambii usitie sahihi. Nakwambia nenda El Arrayán uwaulize watu jambo ambalo hakuna aliyewauliza. Kisha fanya utakaloweza kulitamka mezani ukiulizwa.

Mkono umechoka. Ukiamua kutoniandikia tena, nitaelewa.

Bibi yako,
Aracelly


Manizales, 27 Machi 2026

Bibi,

Baraka sijui kama niombe. Naiomba, kwa mazoea.

Utashangaa kuona barua imetoka mji wako. Nipo hapa siku ya nne, nimepanga chumba karibu na kituo cha basi. Sikuja kwako kwa sababu nisingejua niushike vipi uso wangu. Nilikua nikijivunia jina lako. Nimesomea kazi hii kwa sababu ya jina hilo. Sasa kila nikipita mbele ya jengo lako lolote najiuliza nani aliongea na wewe ukanyamaza. Samahani, lakini umenifundisha wewe kwamba barua isiyo ya kweli haifai hata kuwashia moto.

Nilikwenda ukumbini wanakolala. Nilianza na doña Rubiela Quiceno, mama wa watoto watatu, mwenye mdomo wa kukata bati.

"Utasaini hapa kwamba hutajenga juu?" nikamuuliza.

"Nitasaini, Daktari. Kwani kusaini kunauma?"

"Na utajenga?"

"Wilmar wangu ameshachumbia. Ulitaka alale wapi, na kuku?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nikaenda familia kwa familia na swali moja: hewa ya juu ni ya nani? Thelathini na tisa walinitajia jina la mtoto, wengine watoto ambao bado wako tumboni. Wa arobaini ni mzee asiye na mtoto. Yeye alisema hewa yake ataiuza.

Jioni ya pili nikaupa mtambo majibu yao. Niliandika: ghorofa tatu, slabu, na udongo wa kujazwa, kama nilivyouona mwenyewe kilimani. Ulileta msingi mpya kabla maji ya kahawa hayajachemka. Mita moja na ishirini, na mihimili ya kufunga nyumba pamoja. Haukubisha hata kidogo, Bibi. Nilidhani nitapigana nao, kumbe ulikuwa hauna la kupinga. Kwa saruji ile ile zinatoka nyumba thelathini na moja.

Nikampigia Bwana Ordóñez.

"Na hao tisa utawaambia nini?"

"Nitawaambia mwenyewe."

"Wenye leseni wako wengi, Daktari."

"Waite. Onyo langu nimeliandika na kulipeleka manispaa, nikaweka namba ya leseni yangu. Atakayesaini msingi wa sitini atasaini chini yake."

Nikasikia anatafuna kitu. Halafu akasema nimemharibia hesabu za robo mwaka, na kwamba nitume hizo thelathini na moja. Baada ya kazi hii sidhani kama nitakuwa na meza pale.

Tisa watakaokosa walipatikana kwa kura. Niliwaendea jana. Usidhani nilishangiliwa. Bwana mmoja alinigeuzia mgongo na kuendelea kufua. Doña Rubiela ni mmojawapo. Alikuwa amenimiminia kahawa, akakichukua kikombe mbele yangu na kukimwaga nje. "Wewe una paa, Daktari," akasema. "Ni rahisi kuwa na dhamira ukiwa na paa." Manispaa inasema zamu ya pili itakuja, haisemi lini. Nimeacha namba yangu ya simu, na tayari doña Rubiela ananitumia matusi, ambayo nayasoma yote.

Sahihi bado sijaweka. Nimeambatisha ramani uione. Msingi ni wa mtambo, lakini ngazi ya kwenda juu nimeichora mimi kwa mkono, kwa kuwa hakuna aliyeuomba mtambo ngazi.

Jambo moja la mwisho. Nubia, binti wa don Evelio, anajua? Kama hajui, barua yako uliiandikia mtu siye.

Mjukuu wako,
Yolima


Manizales, 9 Aprili 2026

Mjukuu wangu Yolima, Mungu akubariki, uombe usiombe.

Nimefurahi hukuja siku zile. Uso wangu nao haukuwa tayari. Afya ni ile ile, imepungua kidogo tu. Sasa nalala nimeketi. Mama yako nimemwambia yote. Alilia, kisha akanipikia supu bila chumvi, nadhani ndiyo adhabu.

Ulisema kweli kuhusu Nubia. Niliandika maelezo yangu upya, bila kujitetea, nakala mbili. Moja nimeipeleka kwa baraza la wasanifu. Nyingine ni ya Nubia, nikamwomba mama yako amtafute. Nubia alikuja Jumanne. Ana miaka zaidi ya sabini, mwembamba, na mwavuli hakuuachia mkononi. Kahawa aliikataa. Nilimsomea hadi mwisho.

"Kwa nini leo?" akauliza.

"Kwa sababu nakufa."

"Baba naye alikufa, Daktari. Hukuja."

"Sikuja."

"Alikuwa anapita hapa nje na gunia. Barabara hii hii. Ulimwona?"

"Mara mbili. Nilifunga pazia."

Akainuka. Nikadhani ataondoka. Akaniuliza kama karatasi ile ina muhuri, maana bila muhuri kaka zake hawataamini. Nilikuwa nao kwenye droo. Wino ulikuwa umekauka, tukautia maji, tukapiga mara tatu ndipo ukatoka. Aliikunja akaiweka ndani ya blauzi. Mlangoni akageuka. Nilingoja neno la msamaha, na najionea aibu kwamba nililingoja. Akasema, "Hizo ndara zako zimekatika upande. Utaanguka," akaenda zake.

Sasa ramani. Nimeikalia siku tatu na miwani miwili. Msingi ni mzuri, don Evelio angenyamaza mbele yake, naye hakunyamazia kitu kibaya ila mara moja. Dirisha la jikoni liko upande wa mvua lakini wataweka kipande cha bati wenyewe. Nguzo sina neno.

Ngazi umekosea. Umeipitisha ndani, sebuleni. Unafikiri mke wa Wilmar atapita mbele ya mama mkwe kila akitoka na kila akiingia, na mifuko ya sokoni ikihesabiwa? Hawatamaliza mwaka. Nyumba haitaanguka, lakini watu wataanguka. Iweke nje, kwenye ukuta wa kando, na mlango wake wenyewe na kengele yake wenyewe. Utapoteza nusu mita ya bustani, hakuna atakayelalamika. Na doña Rubiela mpelekee ramani hiyo hata kama hayumo kwenye thelathini na moja. Ajue yake inafananaje. Akikutukana, kaa.

Ukishaitoa ngazi nje, usiniletee tena niione. Tia sahihi.

Bibi yako,
Aracelly